Kati ya Ziwa na Milima: Bakteria wa Tumbo na Saratani Katika Fizi

Kipindupindu kimewapa wakazi wa Baraka na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika wilaya ya Fizi huko Kivu Kusini, Kongo, sababu ya kutosha ya kuogopa vijidudu vinavyosafiri kwa maji na mikono michafu, kwa kuwa ugonjwa huo huonekana mara moja, hukausha mwili kwa saa chache na huweza kuua kabla ya siku kwisha. Bakteria anayezungumziwa katika sura hii huaminika kupitia milango ileile, yaani kinywa, mikono, vyombo vya kulia na mazingira yasiyo na vyoo salama, lakini mwenendo wake ni kinyume kabisa cha ule wa kipindupindu: humwingia mtu akiwa bado mtoto mdogo, hukaa tumboni mwake kwa miaka arobaini au hamsini, mara nyingi bila kumlaza kitandani hata siku moja, na kwa watu wachache huishia kwenye saratani ambayo, inapotambuliwa, mara nyingi huwa imekwisha kupenya ukuta wa tumbo na kufika katika viungo vya jirani. Jina lake la kisayansi ni Helicobacter pylori, na makazi yake ni tumbo lenyewe, yaani ule mfuko unaopokea chakula kutoka umio kabla hakijashuka katika utumbo mwembamba.

Uchambuzi uliojumlisha tafiti za nchi nyingi na kuchapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba watu bilioni 4.4, ambao ni zaidi ya nusu ya binadamu wote, walikuwa na bakteria huyu mwaka 2015, na kwamba Afrika ndilo bara lililoongoza, kwa takriban asilimia 70 ya wakazi wake. Kwa upande wa pili, saratani ya tumbo iligunduliwa kwa karibu watu 970,000 duniani mwaka 2022 na kuua takriban 660,000 kati ya wagonjwa wake, na wataalamu wanakubaliana kwamba katika saratani zinazoota mbali na mlango wa juu wa tumbo, karibu tisa katika kila kumi zina asili yake katika maambukizi haya. Hata hivyo, kati ya watu mia moja wenye bakteria huyu, ni mmoja hadi watatu tu watakaopata saratani hiyo katika maisha yao. Mambo haya mawili, kwamba saratani karibu zote zina bakteria nyuma yake na kwamba wabebaji karibu wote hawapati saratani, hayapingani, ingawa msomaji akilishika moja na kuliacha la pili atajikuta ama katika hofu isiyo na msingi ama katika uzembe. Swali linalostahili kuulizwa mahali kama Fizi, ambako kuna kila sababu ya kudhani kwamba wenye bakteria ni wengi kuliko wasio naye, haliwezi kuwa ni nani ameambukizwa. Ni katika tumbo la nani, na kwa sababu gani, maambukizi ya kawaida hugeuka kuwa kitu kingine.

Kiumbe anayeishi ndani ya asidi

Kwa muda mrefu madaktari walishikilia kwamba hakuna bakteria anayeweza kuishi tumboni, kwa kuwa asidi inayotolewa humo ina nguvu ya kuua karibu kila kijidudu kinachomezwa pamoja na chakula. Imani hiyo ilidumu licha ya ushahidi uliokuwa mezani tangu zamani, kwani mwaka 1893 Giulio Bizzozero, mtaalamu wa Italia, alikuwa ameeleza bakteria wenye umbo la msokoto aliowaona katika tumbo la mbwa. Ilibidi kusubiri hadi mwanzo wa miaka ya 1980, huko Perth, Australia, ambapo Robin Warren, mtaalamu wa patholojia aliyekuwa akiwaona bakteria wa aina hiyo katika vipande vya tumbo la binadamu, alishirikiana na daktari kijana Barry Marshall kuwaotesha maabara. Majaribio ya kwanza yalishindikana, kwa sababu vyombo vya kuoteshea vilitupwa baada ya siku mbili kama ilivyokuwa desturi. Wakati wa sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1982 vyombo viliachwa kwa siku kadhaa zaidi, na bakteria, ambaye hukua polepole, akaonekana. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wenye bakteria hao ili kuwashawishi waliokuwa wakimbeza, na siku chache baadaye vipande vilivyochukuliwa tumboni mwake vilionyesha kwamba tumbo lililokuwa zima limepata ugonjwa. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2005. Ni kweli kwamba ujasiri wa Marshall ndio unaosimuliwa zaidi, lakini jaribio la mtu mmoja halikuthibitisha lolote kuhusu saratani, na kazi ngumu zaidi ilifanywa baadaye na watu waliowafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi.

Siri ya kuishi kwake katika asidi ni kimeng'enya kinachoitwa urease, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, ambacho huivunja urea, kemikali iliyomo mwilini kwa kawaida, na kutoa amonia na kaboni dioksidi. Amonia hupunguza makali ya asidi katika eneo dogo linalomzunguka bakteria, naye hutumia nafasi hiyo kuogelea kwa mikia yake myembamba hadi ndani ya ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo, ambako asidi ni hafifu, kisha hujishikiza kwenye seli za ukuta huo. Kinga ya mwili humtambua na kumtumia askari wake, lakini wengi wa askari hao hubaki upande wa ndani wa ukuta wakati adui yuko upande wa nje, ndani ya ute, kiasi kwamba silaha zao, hasa kemikali kali zitokanazo na oksijeni, huwadhuru majirani zaidi kuliko mlengwa. Hali hiyo ya seli kuvimba na kujaa chembe za kinga ndiyo inayoitwa mchochota wa tumbo, nayo ndiyo ambayo wakazi wa Kivu huita gastriti kwa kufuata Kifaransa, ijapokuwa jina hilo mtaani hutumika kwa kila maumivu yanayosikika chini ya kifua.

Si bakteria wote wa aina hii walio na ukali sawa. Baadhi wana kundi la jeni linalowawezesha kutengeneza protini inayoitwa CagA na kuiingiza moja kwa moja ndani ya seli ya tumbo kwa kifaa chenye umbo la sindano, na protini hiyo ikishaingia huvuruga ishara zinazoiambia seli igawanyike lini, ishikamane vipi na jirani zake na ife wakati gani. Protini nyingine, VacA, hutoboa na kudhoofisha seli, na ukali wake hutofautiana kutoka ukoo mmoja wa bakteria hadi mwingine. Seli zinapokufa kwa wingi lazima nyingine zizaliwe kuziba nafasi, na kila seli inapojigawa katika mazingira yaliyojaa kemikali zinazodhuru vinasaba, uwezekano wa kosa la kunakili huongezeka. Kosa moja halileti saratani. Yanatakiwa makosa mengi yaliyorundikana katika ukoo mmoja wa seli, na mrundikano huo unahitaji muda. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo makao yake yako Lyon, Ufaransa, lilimweka Helicobacter pylori katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi ambalo moshi wa tumbaku umo pia.

Hatua baada ya hatua

Maelezo bora ya safari kutoka mchochota hadi saratani yalitolewa na Pelayo Correa, mtaalamu wa patholojia aliyezaliwa Kolombia, ambaye alitumia miongo kadhaa kuchunguza vipande vya tumbo vya watu wa milima ya nchi hiyo. Hatua ya kwanza ni mchochota wa juujuu, ambao karibu kila aliyeambukizwa anao. Kwa baadhi ya watu mchochota huo huzama ndani na kuharibu tezi zinazotengeneza asidi, na tezi hizo hunyauka moja baada ya nyingine, hali inayoitwa atrofia. Mahali palipokuwa na tezi za tumbo panaweza kuota seli zenye sura ya zile za utumbo, mabadiliko yanayoitwa metaplasia. Kisha baadhi ya seli hizo huanza kupoteza mpangilio na kuwa na viini vikubwa visivyo vya kawaida, jambo linaloitwa displasia. Na mwishoni, zikivunja mpaka wa chini na kuingia katika tabaka za ndani za ukuta, zimekuwa saratani. Kila hatua huchukua miaka, wengi husimama katika hatua ya kwanza au ya pili hadi mwisho wa maisha yao, na ndiyo maana ugonjwa unaoanza na kijiko kilichotumiwa na watu wawili au mkono usionawiwa katika utoto hujitokeza mtu akiwa na miaka hamsini au sitini.

Upungufu wa asidi unaotokana na kunyauka kwa tezi una matokeo mawili yanayostahili kuelezwa kwa makini. La kwanza ni kwamba tumbo lisilo na asidi ya kutosha huwakaribisha bakteria wengine, ambao baadhi yao huzibadili chumvichumvi za naitreti zilizomo katika vyakula na maji kuwa viambato vya naitrosamini, vinavyojulikana kwa kuharibu vinasaba. La pili ni la ajabu kidogo: Helicobacter pylori mwenyewe, aliyezoea tumbo lenye asidi na seli za asili, hupungua na hata kutoweka katika tumbo lililonyauka, hivyo kwamba mgonjwa wa saratani anaweza kupimwa na kukutwa hana bakteria yeyote, na daktari asiyejua historia hii akahitimisha kimakosa kwamba bakteria hahusiki.

Mahali mchochota unapokaa ndani ya tumbo pana uzito kuliko wasomaji wengi wanavyodhani. Kwa mtu ambaye mchochota wake umejikita sehemu ya chini ya tumbo tu, tezi za asidi zilizoko juu hubaki nzima na hata huchochewa kutoa asidi nyingi zaidi, na matokeo yake ni kidonda katika mwanzo wa utumbo mwembamba. Mtu huyo huteseka kwa maumivu ya usiku na ya njaa, lakini hatari yake ya saratani ni ndogo, kama tafiti za Uswidi zilizochapishwa mwaka 1996 zilivyoonyesha. Kwa mtu ambaye mchochota umeenea hadi sehemu ya juu, asidi hupungua, maumivu huweza kuwa hafifu, na njia ya saratani hufunguka. Kwa maneno mengine, anayelalamika sana kwa vidonda si lazima awe ndiye aliye hatarini zaidi.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Japani mwaka 2001, katika utafiti wa Naomi Uemura na wenzake. Wagonjwa 1,526 walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 7.8 huku wakichunguzwa tumbo mara kwa mara. 1,246 kati yao walikuwa na bakteria na 280 hawakuwa naye. Saratani ilitokea kwa watu 36, wote wakiwa wenye maambukizi, na hakuna hata mmoja aliyetoka katika kundi lisilo na bakteria wala miongoni mwa wenye vidonda vya utumbo mwembamba. Inafaa kuongeza kwamba ipo saratani nyingine ya tumbo, limfoma inayoota kutokana na chembe za kinga zilizokusanyika kupambana na bakteria, ambayo katika hatua za mwanzo inaweza kurudi nyuma na kutoweka kwa antibiotiki peke yake, na ni vigumu kupata uthibitisho wa kisababishi ulio dhahiri kuliko huo. Sehemu ndogo ya saratani za tumbo, karibu moja katika kumi, hubeba ndani yake virusi vya Epstein-Barr, na chache hutokana na jeni za kurithi. Sura hii haitaziingia.

Fumbo la Afrika, na milima inayolitatiza

Mwaka 1992 daktari Christopher Holcombe, aliyekuwa amefanya kazi Nigeria, alichapisha makala yaliyozua mjadala ambao haujakwisha: kama Waafrika wengi kiasi hicho wameambukizwa tangu utotoni, kwa nini saratani ya tumbo ni nadra katika hospitali za Afrika? Fumbo hilo limepata majibu mengi. Wapo wanaosema kwamba minyoo ya tumbo, ambayo huielekeza kinga ya mwili katika njia isiyo na ukali mwingi, hupunguza mchochota, na majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2000 yaliliunga mkono wazo hilo. Wapo wanaotaja undugu wa kale kati ya bakteria na mwenyeji wake, kwani uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba binadamu walimbeba bakteria huyu walipotoka Afrika Mashariki takriban miaka 58,000 iliyopita, na kwamba kadiri watu wanavyokuwa mbali na eneo hilo ndivyo utofauti wa vinasaba vya bakteria wao unavyopungua, sawasawa na ulivyo katika vinasaba vya watu wenyewe. Na wapo, wakiongozwa na Mmarekani David Graham, wanaosema kwamba hakuna fumbo lolote: watu hufa kwa maradhi mengine kabla hawajafikia umri wa saratani, na wanaofikia umri huo hawachunguzwi.

Jibu la mwisho ndilo linalopaswa kupewa nafasi ya kwanza, hasa kwa kuitazama Fizi, wilaya ambayo wakazi wake wamefukuzwa na vita mara kadhaa tangu mwaka 1996, wengi wakivuka ziwa hadi kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, na ambako mtu aliyekufa akiwa amekonda na kutapika huzikwa bila kipande cha tumbo lake kuangaliwa kwa hadubini. Saratani isiyotafutwa haiwezi kuhesabiwa. Hata hivyo, jibu hilo halimalizi maneno, kwa sababu ndani ya Afrika yenyewe ipo tofauti ambayo uhaba wa vipimo hauwezi kuieleza peke yake.

Katika miaka ya 1960 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, akishirikiana na Michael Hutt, profesa wa patholojia wa Makerere, alikusanya taarifa za saratani kutoka hospitali nyingi, ndogo na kubwa, za Afrika Mashariki na maeneo ya jirani. Burkitt anakumbukwa kwa limfoma ya watoto inayobeba jina lake, lakini ramani zake zilionyesha jambo jingine: saratani ya tumbo, iliyokuwa nadra katika sehemu nyingi, ilijitokeza zaidi katika nchi za milima, yaani Rwanda, Burundi, kusini-magharibi mwa Uganda na kandokando ya Kilimanjaro. Hospitali za mahali hapa na pale zilikuwa na uhaba uleule, na bado tofauti ilionekana. Miaka mingi baadaye, uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya chuo kikuu ya Butare, Rwanda, na kuchapishwa mwaka 2014, ulikuta bakteria kwa karibu robo tatu ya wagonjwa waliochunguzwa tumbo kwa kamera.

Fizi inauweka mpaka huo wa ziwa na milima ndani ya wilaya moja. Baraka, rasi ya Ubwari na vijiji vya wavuvi viko kwenye usawa wa ziwa, takriban mita 770 juu ya bahari, penye joto, malaria na minyoo. Na kwa mwendo wa miguu wa siku chache mtu hupanda hadi nyanda za Itombwe na Minembwe, juu ya mita 2,000, ambako vilele hupita mita 3,000, hali ya hewa ni baridi na maisha ni ya mifugo na viazi. Msomaji atakayetaka kujua tofauti hiyo inaweza kumaanisha nini anapaswa kuangalia mbali kidogo, katika jimbo la Nariño, kusini-magharibi mwa Kolombia, mahali ambapo Correa na warithi wake wamepachunguza kwa kina kuliko pengine popote. Huko Tumaco, mji wa pwani, na Túquerres, mji wa milimani, karibu asilimia 90 ya watu wazima wana Helicobacter pylori, ila saratani ya tumbo milimani imekadiriwa kuwa 150 kwa kila watu 100,000 na pwani 6 tu, yaani mara 25. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba sehemu ya jibu iko katika ulinganifu wa nasaba: watu wa pwani, ambao wengi ni wa asili ya Afrika, hubeba bakteria wenye nasaba za Afrika na matumbo yao huvumilia, ilhali watu wa milimani, ambao wengi ni wa asili ya Wahindi wa Amerika, wakibeba bakteria wenye nasaba hizohizo za Afrika hupata madhara makubwa zaidi. Minyoo, ambayo ni mingi zaidi pwani, na vyakula pia vimo katika maelezo hayo.

Si haki kuihamishia Fizi hesabu za Nariño, kwa kuwa watu wa ziwa na wa milima wa Fizi hawatofautiani kwa nasaba kama watu wa Tumaco na Túquerres, na urefu wa mlima peke yake hauumbi saratani. Kinachoonekana kuwa na nguvu ni yale yanayoandamana na urefu huo: uchache wa minyoo, uchache wa matunda na mboga katika baadhi ya misimu, namna ya kuhifadhi chakula, na pengine udongo na maji.

Chumvi inastahili neno lake, kwa sababu mwambao wa Tanganyika huishi kwa samaki. Chumvi nyingi huharibu ute unaolinda ukuta wa tumbo na kuzidisha athari za bakteria, na uhusiano wa vyakula vilivyolazwa katika chumvi na saratani ya tumbo umeonekana mara nyingi huko Japani na Korea. Hata hivyo, ndakala, samaki wadogo ambao upande wa Kigoma huitwa dagaa, kwa kawaida hukaushwa juani, na kuwaweka katika kundi moja na samaki wakubwa waliopasuliwa na kulazwa katika chumvi kwa siku kadhaa ni kosa. Anayekula ndakala na sombe kwa ugali wa muhogo hali chakula kinachofanana na kile kilichochunguzwa Asia, na onyo la chumvi linawahusu zaidi wenye kula samaki wa chumvi mara kwa mara. Tumbaku, kwa upande wake, huongeza hatari kila mahali.

Kutoka kituo cha afya hadi Bukavu

Mgonjwa wa Fizi mwenye maumivu ya tumbo kwa kawaida hupewa, au hujinunulia katika duka la dawa, vidonge vya kupunguza asidi kama vile omeprazole, naye hupata nafuu. Nafuu hiyo si uthibitisho wa chochote, kwa kuwa dawa hizo hutuliza hata maumivu ya saratani changa, na zaidi ya hayo huficha bakteria katika baadhi ya vipimo. Anayetaka kupimwa kwa usahihi hushauriwa aziache kwa wiki mbili, na antibiotiki kwa wiki nne, kabla ya kipimo. Kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili, ambacho ni rahisi na kimeenea, hakiwezi kutofautisha maambukizi ya sasa na yaliyopita, na mahali ambapo karibu kila mtu mzima ameambukizwa jibu lake la ndiyo halina habari kubwa. Kipimo cha kinyesi kinachotafuta mabaki ya bakteria mwenyewe, na kile cha pumzi kinachopima matokeo ya urease, ni bora zaidi. Hakuna kati yao kinachoonyesha saratani. Hiyo huonekana kwa fibroskopia pekee, yaani kushusha kamera nyembamba kupitia kinywa hadi tumboni na kukata vipande vidogo vya kuangaliwa na mtaalamu wa patholojia.

Hospitali kuu ya rufaa ya Baraka, ambayo Madaktari Wasio na Mipaka walianza kuisaidia mwanzoni mwa miaka ya 2000, imebeba mzigo wa kipindupindu, malaria, surua, uzazi na majeraha ya vita, na mzigo huo uliongezeka baada ya kambi ya Lusenda kufunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi. Fibroskopia humlazimu mgonjwa kufunga safari ya Uvira na kupanda hadi Bukavu, kwa barabara ambayo mvua na silaha huifunga kwa zamu. Kwa hiyo uamuzi muhimu zaidi hufanywa na muuguzi wa kituo cha afya, asiye na kamera wala maabara, pale anapoamua ni nani katika wagonjwa wengi wa gastriti anayestahili gharama hiyo. Dalili zinazomwongoza zinajulikana: kukonda bila sababu, kutapika kunakojirudia, kushiba kwa matonge machache, chakula kukwama, kinyesi cheusi chenye kunata au upungufu wa damu usioelezeka, uvimbe unaoguswa juu ya kitovu, na maumivu yanayoanza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 45 au 50. Inasikitisha kwamba nyingi za dalili hizi huonekana saratani ikiwa imekwisha kukomaa.

Matibabu ya bakteria yanahitaji dawa kadhaa kwa pamoja, kwa siku 10 hadi 14: dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibiotiki mbili, kama vile amoksisilini na klarithromisini, au dawa ya kupunguza asidi pamoja na bismathi, tetrasiklini na metronidazoli. Metronidazoli, ambayo Kongo humezwa kwa kila amiba na kila kuhara, imekutana na bakteria waliokwisha kuizoea katika sehemu nyingi za Afrika, na anayekatiza dozi siku ya tano kwa sababu maumivu yameisha humfundisha bakteria wake kuzishinda dawa zilizobaki.

Kwamba tiba hiyo huzuia saratani halina shaka tena. Katika wilaya ya Linqu, jimbo la Shandong nchini China, watu waliopewa dawa kwa wiki mbili tu mwaka 1995 walipata saratani ya tumbo kwa karibu nusu ya kiwango cha wenzao katika miaka 22 iliyofuata. Katika visiwa vya Matsu, Taiwan, ambako watu wazima walianza kupimwa na kutibiwa kwa jumla mwaka 2004, saratani ilipungua kwa takribani nusu. Faida ni kubwa zaidi kabla tezi hazijanyauka. Pamoja na hayo, pendekezo la kuwapa dawa watu wote wa Fizi halina mashiko: antibiotiki nyingi kiasi hicho zingezalisha usugu wa vijidudu vingine hatari zaidi, na mtoto aliyetibiwa leo katika nyumba yenye kisima kisicho salama na watoto watano wanaolala pamoja ataambukizwa tena. Japani, ambayo wazee wake waliozaliwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia waliambukizwa kwa wingi na watoto wake wa leo ni nadra kuambukizwa, ilipata mabadiliko hayo kwa kiasi kikubwa kabla ya kampeni yoyote ya dawa, maji ya bomba yalipofika na familia zilipopungua. Bomba la maji linalojengwa Baraka kwa hofu ya kipindupindu linafanya kazi ya pili ambayo hakuna atakayeipima kabla ya nusu karne.

Kundi moja, hata hivyo, linaweza kushughulikiwa sasa. Utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2020 uliwachukua ndugu na watoto wa wagonjwa wa saratani ya tumbo waliokuwa na bakteria, ukawatibu nusu yao na kuwafuatilia kwa miaka tisa. Saratani iliwapata asilimia 1.2 ya waliopewa dawa na asilimia 2.7 ya wasiopewa. Kulitambua kundi hilo hakuhitaji mashine, kunahitaji muuguzi kuuliza ni nani nyumbani aliyekufa kwa tumbo. Ugumu ni kwamba katika Kivu Kusini kifo cha mtu aliyekonda polepole huku akitapika mara nyingi husemwa kuwa kimeletwa na sumu, ile ambayo sehemu kadhaa huitwa karuho, na familia iliyozika baba na shangazi kwa namna hiyo huwa na mshukiwa jirani kabla ya kuwa na mgonjwa. Anayeuliza swali hilo vizuri huanza kwa kuuliza ni nani aliyerogwa au kulishwa sumu, alikuwa na umri gani, na kama aliacha kumaliza chakula chake miezi mingapi kabla ya kufa.